Mbona filamu za Kijapani zinaniliza, na wahusika wenyewe hawalii?

Swali: Mimi ni mpenzi wa tamthilia za Kikorea na za Kituruki. Mwaka huu nimeanza kuangalia za Kijapani: Tokyo Story, Shoplifters, sehemu kadhaa za Midnight Diner, na ile tamthilia ya benki, Hanzawa Naoki. Nimechanganyikiwa. Kwenye Tokyo Story mama anafariki, watu wanakula kama kawaida. Nilikasirika, halafu usiku nikajikuta nalia peke yangu jikoni. Shoplifters iliishia njiani, nikadhani faili lina kasoro. Hanzawa nako wanapiga kelele kama wamepandwa na mashetani. Na kwa nini tamthilia zao zinaishia sehemu ya kumi, wakati ndiyo kwanza mtu anazoea? Rafiki zangu wanasema Wajapani hawana hisia, ndivyo walivyoumbwa. Ni kweli? Mwisho, naomba unichagulie ya kumwonyesha mama yangu. Yeye hapendi kusoma maandishi ya chini. (Msomaji, Morogoro)

Jibu:

Dada yangu, nianze na hasira yako, kwa sababu ni hasira ya haki na aliyeitengeneza filamu ile aliitaka uwe nayo.

Rudi kidogo kwenye Tokyo Story. Ozu Yasujiro aliitoa mwaka 1953. Wazee wawili, Shukichi na Tomi Hirayama, wanatoka Onomichi, mji mdogo wa bandari, kwenda kuwatembelea watoto wao Tokyo. Mtoto mkubwa ni daktari wa mtaani, wa pili ana saluni nyumbani kwake, wote wana shughuli zao, na hatimaye wazee wanapelekwa hoteli ya Atami ili wasiwe mzigo. Anayewatunza kwa moyo ni Noriko, mke wa mtoto wao aliyekufa vitani, ambaye kwa damu si wao. Wanarudi kwao, mama anaugua, anafariki.

Sasa nikuombe uangalie tena dakika zile za kifo, kwa sababu umeniandikia kwamba hawalii. Wanalia. Yule mtoto daktari anapowaambia jamaa zake kwamba mama huenda asifike asubuhi, Shige, yule binti mwenye saluni, anabubujikwa na machozi pale pale. Ndiye anayelia kuliko wote. Na ni huyo huyo aliyekuja kutoka Tokyo na nguo za msiba ndani ya begi, akiwa ameshapima uwezekano. Ni huyo huyo ambaye baada ya mazishi, mezani, chakula kikiwa bado mdomoni, anataja nguo za mama ambazo angependa abaki nazo kama kumbukumbu. Ozu hakumfanya mnafiki. Machozi yake ni ya kweli na tamaa yake ni ya kweli, na kati ya hayo mawili umepita muda mfupi sana. Ndiyo maana ulisahau kwamba alilia. Tendo la pili lilifuta la kwanza kichwani mwako.

Ambacho hakipo kabisa ni kukata roho kwenyewe. Tunaambiwa mama hatafika asubuhi. Kisha tunaonyeshwa Onomichi alfajiri, bandari na mitaa isiyo na watu. Tukirudi ndani, uso wa mama umeshafunikwa kitambaa. Baba ametoka nje. Noriko anapomfuata, mzee anasema mapambazuko yalikuwa mazuri, na kwamba leo kutakuwa na joto. Basi.

Katika tamthilia ulizozizoea, pale ndipo muziki ungepanda, kamera ingesogelea uso, mtoto angeanguka kifuani mwa marehemu, nawe ungelia pamoja naye. Kilio kingepata mahali pake, na ukizima televisheni kimeshaisha. Ozu amekunyima mahali hapo. Halafu anaendelea kukunyima. Hasira yako juu ya Shige anaiweka kinywani mwa Kyoko, binti mdogo, mwalimu, ambaye anasema waziwazi kwamba dada yake ni mbinafsi. Unasubiri Noriko amuunge mkono. Noriko anamwambia kwa upole kwamba watoto wakikua wanakuwa na maisha yao, na hata yeye siku moja atakuwa hivyo. Kyoko anauliza kama maisha hayakatishi tamaa. Noriko anatabasamu, anajibu kwamba ndiyo, yanakatisha. Hakuna aliyeadhibiwa wala aliyeomba radhi. Kilio chako hakikupata pa kutokea ndani ya filamu, kikakufuata jikoni.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako kubwa. Filamu hizi, zile bora, zinaondoa tukio unalolisubiri na kukuonyesha lililotangulia au linalofuata. Pengo linabaki, na anayelijaza ni mtazamaji kwa mambo yake mwenyewe: mama yake, ndugu yake aliyechelewa msibani. Ni ufundi unaojifunzwa na kurithishwa. Siyo maumbile ya taifa zima.

Hapo sikubaliani kabisa na rafiki zako. Maelezo ya kwamba fulani ndivyo walivyoumbwa yanamzuia mtu kuangalia kazi iliyo mbele ya macho yake. Wajapani ndio waliokuwa na filamu zenye maneno mengi kuliko karibu taifa lolote. Enzi za filamu zisizo na sauti, kila jumba lilikuwa na msimulizi aliyesimama kando ya pazia, akiigiza sauti za wahusika wote, akieleza nani ana kinyongo na nani, akiwaliza na kuwachekesha watu. Waliitwa benshi, na majina yao yalivuta watu kama ya waigizaji wenyewe. Wewe na mimi tunaijua kazi hii: Lufufu aliifanya kwetu, DJ Afro ameifanya Kenya, na Uganda imejaa wenzao. Kaka yake Kurosawa Akira, Heigo, alikuwa benshi. Filamu zenye sauti zilipoingia na kuwanyang'anya kazi, aliongoza wenzake kugoma, mgomo ukashindwa, na mwaka 1933 akajiua. Kurosawa mwenyewe alikuja kuwa muongozaji anayejulikana dunia nzima, na wahusika wake wanapiga kelele, wanatokwa na jasho, wanagaagaa matopeni kwenye mvua. Hakuna aliyewahi kusema Seven Samurai imekosa hisia.

Na watu wale wale waliotoa Ozu ndio waliotoa Oshin. NHK, shirika la utangazaji la Japani, ilirusha tamthilia hiyo kuanzia Aprili 1983 hadi Machi 1984, kila asubuhi dakika 15, sehemu 297. Msichana wa familia maskini ya Yamagata anapelekwa kufanya kazi za ndani akiwa na miaka saba, ujira wake ukiwa gunia la mchele. Anaondoka kwa boti mtoni, theluji ikidondoka, baba yake akimtazama kutoka ukingoni. Pale kila mtu analia, na Japani nzima ililia nao: sehemu moja ya Novemba 1983 iliangaliwa na asilimia 62.9 ya kaya zilizopimwa. Ikaenda nchi zaidi ya 60, na Iran wakati wa vita na Iraq watu waliiangalia kana kwamba ni habari za jirani. Mwandishi wake, Hashida Sugako, hakuogopa machozi hata kidogo.

Kwa hiyo kuna mikondo, na wewe umegusa miwili mitatu kwa wakati mmoja bila kuambiwa kwamba ni tofauti. Ndiyo maana ulichanganyikiwa.

Turudi kwenye mkondo uliokuliza, kwa sababu huko ndiko kuna utajiri na ningependa tukae. Jambo la kwanza la kuangalia ni mahali kamera ilipo. Ozu aliishusha karibu na sakafu, akatumia lenzi moja, ya milimita 50, na katika filamu zake za mwisho ni kama haisogei kabisa. Mtu aliyekulia kwenye mkeka anaijua picha hiyo: ukiwa umekaa chini, anayesimama anakuwa mrefu ghafla, anayetoka mlangoni unaona miguu yake ikienda, na aliyekaa karibu nawe mko sawa. Kwa hiyo mtu akinyanyuka katika filamu ya Ozu, hilo ni tukio. Ukiangalia haraka huku unachati, hukuliona, na filamu nzima itakuwa watu wanakunywa chai.

Jambo la pili ni chakula. Ulilalamika kwamba wanakula baada ya msiba. Lakini hata kwetu, dada, baada ya mazishi si sufuria zinapakuliwa? Na si hapo ndipo maneno ya mirathi yanapoanza kunong'onwa? Filamu hizi zinaweka kamera hapo kwa sababu mtu akiwa anakula, ulinzi wake umeshuka.

Aliyelichukua jambo hili mbali zaidi kwa wakati wetu ni Kore-eda Hirokazu, yule wa Shoplifters. Alianzia kwenye makala za televisheni, na bado anafanya kazi kama mtu wa makala: watoto kwenye filamu zake hawapewi mswada wakariri, anawaambia maneno yao pale pale seti. Ukitaka kumwelewa, tafuta Still Walking ya mwaka 2008. Familia inakutana kwa siku moja, kama kila mwaka, kumkumbuka mtoto mkubwa, Junpei, aliyekufa akimwokoa mvulana aliyekuwa anazama baharini. Kuna kumenya mboga, kuna mahindi yanayokaangwa huku mafuta yakiruka, kuna vicheko. Mvulana yule aliyeokolewa, sasa ni kijana mnene, maskini, asiye na mwelekeo, naye anaalikwa kila mwaka. Anakaa kwa taabu, anatoa jasho, anaomba msamaha wa kuwepo kwake, anaondoka. Usiku mdogo wake Junpei, Ryota, ambaye sasa ni mtu mzima, anamwambia mama yake: wamwachie sasa, inatosha, kijana wa watu anateseka. Mama anafuma, hainui sauti wala kichwa. Anajibu kwamba ndiyo sababu anamwalika. Anataka ateseke angalau siku moja kwa mwaka.

Kiki Kirin ndiye aliyecheza mama huyo. Nimeona waigizaji wengi wakubwa wakicheza uchungu wa mzazi aliyefiwa, na sijaona aliyenitisha kama bibi yule na uzi wake. Angepiga yowe, tungemhurumia na kumsamehe. Kwa kuwa mikono inaendelea kufuma, tunajua kwamba ameyawaza maneno hayo miaka na miaka, na kwamba mwaka ujao kijana ataalikwa tena.

Filamu hiyo pia itakujibu kuhusu kuishia njiani. Mchana mama na Ryota wanajaribu kukumbuka jina la mcheza sumo fulani, linawapotea. Kesho yake, basi likiwa limeshaondoka, Ryota analikumbuka. Anasema daima anachelewa kidogo. Dakika chache baadaye sauti yake inatuambia, kwa sentensi mbili tatu, kwamba baba alifariki baada ya miaka mitatu bila wao kwenda pamoja kuangalia mpira kama walivyoahidiana, na mama akamfuata, bila kupandishwa gari la mwanawe kama alivyotamani. Vifo viwili ndani ya pumzi moja. Mwingine angevitengenezea saa nzima. Hapa uzito wote umebebwa na jina la mcheza sumo.

Sasa Shoplifters. Faili lako halina kasoro. Inaishia hivyo: mtoto wa kike, amerudishwa kwa wazazi wake waliokuwa wakimpiga, yuko peke yake kibarazani ghorofani, anachungulia nje. Mwisho. Kwa nini pale? Kwa sababu filamu imemaliza kazi yake dakika chache kabla, na umeipita. Osamu, yule mwanamume aliyetaka sana kuitwa baba, anakimbilia basi lililombeba Shota, mvulana aliyekuwa akimlea. Shota hageuki. Baadaye, basi likiwa mbali, anageuka na midomo yake inalitamka neno ambalo Osamu alilisubiri filamu nzima, bila sauti, na Osamu hayupo kulisikia. Wewe umelisikia. Ukishalisikia, ukimwona msichana kwenye kibaraza, unajua anamtafuta nani chini pale, na huhitaji kuambiwa.

Kuna tukio jingine humo ambalo ningependa ulirudie. Nobuyo, mwanamke aliyekuwa akiishi na Osamu, anahojiwa na polisi, na anaulizwa: watoto walikuwa wanakuita nani? Ando Sakura, aliyemcheza Nobuyo, hakujua swali hilo litakuja. Muongozaji alimpa muulizaji maswali papo hapo. Machozi yanamtoka, anayapangusa kwa kiganja, anayapangusa tena, nywele anazirudisha nyuma, na jibu halipatikani. Filamu ilishinda tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2018, na Cate Blanchett, aliyekuwa mwenyekiti wa majaji, alisema kwamba yeye na majaji wenzake wakionekana kuanzia hapo wakilia vile kwenye filamu zao, wajulikane wamemwiga Ando. Kwa hiyo tena: wanalia. Wanalia mara moja, pale ambapo hakuna njia nyingine.

Ukizoea Kore-eda, nenda Ikiru ya Kurosawa, 1952. Watanabe ni mkuu wa idara katika ofisi ya manispaa, miaka 30 anagonga mihuri. Kina mama wanakuja kuomba dimbwi la maji machafu mtaani kwao lifukiwe, wanazungushwa idara baada ya idara mpaka wanarudi dirisha lile lile la kwanza. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja atalitambua tukio hilo. Watanabe anagundua ana saratani ya tumbo na anaamua, kabla hajafa, kina mama wale wapate uwanja wa watoto. Wewe unajiandaa kumwona steringi akipambana hadi mwisho. Kurosawa anamuua filamu ikiwa bado na karibu theluthi moja. Inayobaki ni matanga: maofisa wamekaa mbele ya picha yake, wanakunywa, wanagombania nani hasa aliujenga uwanja ule, wanaungama, wanaapa kwamba kuanzia kesho watakuwa kama yeye. Kesho yake anakuja mwananchi dirishani na shida, na wanampeleka idara nyingine. Kwangu mimi theluthi ile ya mwisho ndiyo kitu kikali kuliko vyote Kurosawa alivyotengeneza, kuliko hata panga za samurai.

Tuje kwenye tamthilia na sehemu kumi. Hapa jibu ni la kawaida kabisa, liko kwenye ratiba. Vituo vya televisheni vya Japani vinagawa mwaka mara nne. Tamthilia mpya zinaanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba, sehemu moja kwa wiki, na robo mwaka ikiisha nafasi inachukuliwa na nyingine. Wiki za robo mwaka, ukitoa za sikukuu na vipindi maalumu, zinabaki kumi au kumi na moja. Mwandishi anajua tangu mwanzo kwamba hana nafasi ya kuongeza, hata watazamaji wakilia barabarani. NHK ndiyo yenye za muda mrefu zaidi: zile za asubuhi za dakika 15 kama Oshin, ambazo zimekuwepo tangu 1961, na ile kubwa ya kihistoria ya Jumapili usiku, tangu 1963, inayochukua karibu mwaka mzima.

Ufupi huo umezaa waandishi hodari. Sakamoto Yuji alikuwa kijana wa miaka 20 na ushei alipoandika Tokyo Love Story, iliyorushwa na Fuji TV mwaka 1991, sehemu 11. Rika anampenda Kanji waziwazi, kwa sauti, mbele za watu. Yeye ndiye anayetamka mapenzi, na hapati. Miaka 30 baadaye mwandishi huyo huyo aliandika Monster iliyoongozwa na Kore-eda, na Cannes ikampa tuzo ya mswada mwaka 2023. Wanaodhani tamthilia ni kitu cha chini na filamu ni kitu cha juu wamfuatilie huyu.

Kwa nini basi za Kikorea zimejaa kila mahali na za Kijapani mpaka uzitafute kwa tochi? Soko la nyumbani Japani ni kubwa, vituo viliishi vizuri kwa matangazo ya ndani, na mawakala wa waigizaji kwa miaka mingi hawakutaka sura za watu wao zisambae hovyo kwenye intaneti. Wakorea walitoka nje mapema na kwa makusudi. Tazama Hana Yori Dango: hadithi ya katuni ya Kijapani, Taiwan wakaitengeneza tamthilia mwaka 2001, Wajapani wenyewe 2005, Wakorea 2009. Huenda wewe uliiona kwa Kikorea na hukujua ilikotoka.

Hanzawa Naoki nayo usiihukumu kwa kipimo cha Ozu. Mle ndani kuna wacheza kabuki wa kweli, ule mchezo wa jadi wa jukwaani wa Japani: Kataoka Ainosuke ni mwigizaji wa jukwaa hilo, na Kagawa Teruyuki, aliyemcheza Owada, mkurugenzi adui wa Hanzawa, naye hupanda jukwaa la kabuki. Macho kutoka, shingo kukakamaa, kukaa kimya kabla ya kutamka neno moja kubwa, yote hayo yametoka kwenye ukumbi ambao watu walikwenda kushangilia mwigizaji akiganda kwenye pozi. Muongozaji alijua anachofanya. Wafanyakazi wa maofisini wanaomeza matusi ya mabosi Jumatatu mpaka Ijumaa walitaka Jumapili usiku waone mkurugenzi akipiga magoti. Na sehemu ya mwisho ya mwaka 2013 ilipata asilimia 42.2 eneo la Tokyo.

Lakini uliona ilivyoisha? Owada amepiga magoti, Hanzawa ameshinda, tunasubiri apandishwe cheo. Mkuu wa benki anamwita na kumpa barua ya kuhamishiwa kampuni tanzu. Uso wake unajaa skrini, na hapo inakatika. Yaani hata tamthilia yenye kelele kuliko zote imefanya kile kile kilichokukera kwenye Shoplifters. Utaratibu huo wa kumwacha mtazamaji na barua mkononi umevuka mikondo yote.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilichotulia ni kizuri. Ziko filamu nyingi za Kijapani zilizo kimya kwa sababu mwandishi hakuwa na la kusema, na bahari na mtu anayetazama bahari havitoshi. Ziko pia tamthilia za wagonjwa wasiopona ambazo zinakukamua machozi kwa piano, wiki hadi wiki. Moja ya aina hiyo naitetea, 1 Litre of Tears ya mwaka 2005, kwa sababu nyuma yake kuna shajara ya kweli ya msichana, Kito Aya, aliyeugua ugonjwa unaoharibu ubongo mdogo na akafariki mwaka 1988, na maneno yake mwenyewe yanaizuia tamthilia isizidishe. Nyingine za aina hiyo unaweza kuziacha bila hasara.

Kuhusu mama. Kwa mtu asiyependa kusoma, anza na Perfect Days ya mwaka 2023. Muongozaji ni Mjerumani, Wim Wenders, lakini lugha, mji na waigizaji ni wa Kijapani, na mapenzi yake kwa Ozu hayafichiki: mhusika mkuu amepewa jina la Hirayama, la wale wazee wa Onomichi. Anasafisha vyoo vya umma Shibuya, Tokyo, anasikiliza kanda za zamani garini, anamwagilia miche yake. Yakusho Koji anaongea kidogo sana, na alipata tuzo ya mwigizaji bora Cannes. Mama anaweza kuifuata bila kusoma chochote, wewe ukimnong'onezea mara mojamoja. Kuwa msimulizi wake. Hakuna ubaya, ni kazi yenye heshima.

Akiipenda, mpe Departures, ya Takita Yojiro, 2008, iliyoshinda Oscar mwaka uliofuata. Mpiga selo anapoteza kazi Tokyo, anarudi Yamagata, anajibu tangazo la kazi akidhani ni la wakala wa safari, kumbe ni kampuni ya kuandaa maiti. Mke wake anapojua anamwambia asimguse. Watu wa mtaani wanamkwepa. Kisha tunaona kazi yenyewe: mwili unapanguswa na kuvishwa mbele ya familia bila ngozi ya marehemu kuonekana hata kidogo, kila kunjo la nguo likiwa na heshima yake. Mama yako, ambaye bila shaka ameshakaa kwenye nyumba za misiba mingi na anawajua kina mama wanaoitwa kuosha na kukafini, atakuwa na mengi ya kukuambia wewe kuliko utakayomwambia yeye. Kwetu kazi hiyo inafanywa faragha, kwao wanafanya mbele ya wafiwa. Muulize anaonaje. Ningependa sana kusikia atakachojibu.

Midnight Diner endeleeni nayo pamoja, sehemu moja kwa usiku inatosha. Kila moja ni dakika 25 hivi na inajitegemea: mgahawa wa kichochoro cha Shinjuku unaofunguliwa saa sita usiku hadi saa moja asubuhi, orodha ina supu moja na pombe tu, lakini mwenyewe atakupikia unachotaka kama vitu vipo. Ukiipata ile ya mwanzo kabisa ya mwaka 2009, anza na jambazi anayekula soseji nyekundu zilizochanjwa mfano wa pweza. Mama atacheka.

Ila Nobody Knows ya Kore-eda, 2004, usimwekee mama bila kuiona wewe kwanza. Watoto wanne wanaachwa na mama yao ndani ya nyumba ya kupanga Tokyo, na imetokana na kisa cha kweli cha mwaka 1988. Yagira Yuya alikuwa na miaka 14 alipopewa tuzo ya mwigizaji bora Cannes kwa filamu hiyo, na anastahili. Mtoto mmoja anakufa humo, na kama kawaida, hutaonyeshwa anavyokufa. Iangalie mchana.